Nyumba ya Wadudu Rafiki Bustanini na Afya ya Familia

Utangulizi

Miaka michache iliyopita alipokewa katika wodi yetu ya watoto mvulana wa miaka minne kutoka kitongoji kimoja cha Dar es Salaam. Nguo zake zilikuwa zimelowa jasho, mate yalimtiririka mfululizo, mboni za macho zilikuwa zimesinyaa hadi kufanana na nukta, na kifua kilikoroma kwa majimaji yaliyojaa katika njia za hewa. Misuli ya mapaja ilikuwa ikicheza yenyewe chini ya ngozi. Daktari yeyote aliyewahi kuziona dalili hizo zikiwa pamoja hahitaji kusubiri majibu ya maabara: mtoto amepata sumu ya kuulia wadudu.

Mama yake alitueleza yaliyotokea. Nyuma ya nyumba alikuwa na matuta matatu ya mchicha na tuta moja la matembele. Vidukari walipoanza kuuzonga mchicha, alinunua dawa ya kupimiwa, akaitia katika chupa ya soda na kuihifadhi jikoni, nyuma ya ndoo ya maji. Chupa haikuwa na kibandiko chochote. Mtoto aliiona, akadhani ni kinywaji. Kwa rehema za Mungu alifikishwa mapema. Alipewa atropini na oksijeni, na baada ya siku kadhaa alitoka wodini akitembea mwenyewe.

Siku ya kuruhusiwa nilimpa mama yule nasaha ambazo sisi madaktari hupenda kuzitoa: asiweke tena sumu jikoni, asiihamishie katika chupa za vinywaji. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: “Daktari, nimeelewa. Lakini wadudu bado wapo, na mboga ile ndiyo kitoweo chetu. Sasa nifanyeje?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundishwa namna ya kuitoa sumu mwilini mwa mtoto, lakini sikufundishwa namna ya kuifanya isihitajike nyumbani kwao. Makala haya ni jibu nililolipata baadaye, kwa kuwauliza wataalamu wa kilimo na kwa kujaribu katika bustani yangu mwenyewe.

Sumu moja, viumbe wengi

Viuatilifu vingi vinavyotumika kuua wadudu wa mboga ni vya jamii ya oganofosfati au kabameti. Sumu hizi huzuia kazi ya kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho wajibu wake ni kuuzima ujumbe wa neva mara unapokwisha kufika. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, ujumbe hauzimiki: tezi hutoa mate na jasho bila kikomo, misuli hutetemeka hadi ichoke, na hatimaye pumzi hukatika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kimeng'enya hicho hakimo mwilini mwa kidukari peke yake. Kimo katika mwili wa nyuki, wa kuku, wa mtoto na wa mama anayeshika bomba la kunyunyizia. Tofauti baina yao ni uzito wa mwili, kiasi cha sumu kilichoingia, na uwezo wa mwili wa kuivunja. Ndiyo maana mtoto mdogo, ambaye uzito wake ni mdogo na anayetambaa palepale dawa ilipodondoka, huwa katika hatari kubwa kuliko mtu mzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa nyuma ya ndoo ya maji.

Kwa nini wadudu hurudi baada ya dawa

Wakulima wengi wa bustani za nyumbani hulalamika kwamba wakinyunyiza dawa leo, wadudu hutoweka kwa wiki moja au mbili, kisha hurudi wengi kuliko awali. Hii si dhana tupu. Ina maelezo ya kibiolojia, na kwa tabibu maelezo hayo si mageni.

Kidukari jike katika mazingira yetu ya joto huzaa bila kujamiiana, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Watoto hao nao huanza kuzaa baada ya takriban wiki moja. Adui yake mkubwa, yaani mbawakawa mdogo wa mviringo mwenye mgongo mwekundu au wa chungwa na madoa meusi, huhitaji takriban wiki tatu kutoka yai hadi kukomaa. Sumu ikiwaua wote siku moja, vidukari wachache waliojificha chini ya majani watakuwa wamezaa vizazi viwili au vitatu kabla mbawakawa hajakamilisha kizazi kimoja. Bustani iliyonyunyiziwa inakuwa mji usio na askari.

Tunaliona jambo hilohilo wodini. Mgonjwa anayetumia antibayotiki bila sababu huua bakteria wema wanaolinda utumbo wake, na nafasi yao hutwaliwa na bakteria wakorofi wanaoleta kuharisha kukali. Aidha, vimelea wanaonusurika kwenye dawa huzaa kizazi chenye usugu. Vivyo hivyo kwa wadudu: wanaonusurika ndio wanaoirithi bustani, na safari inayofuata mwenye bustani hulazimika kuongeza kipimo au kuchanganya dawa mbili. Kila ongezeko hilo huongeza hatari kwa watu wa nyumba hiyo.

Nguvu ya mdudu rafiki si hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mdudu mdogo aliyefunikwa na unga mweupe, mwenye asili ya Amerika Kusini, aliingia katika eneo la Kongo na kuanza kuangamiza mihogo. Alienea katika nchi nyingi za Afrika kwa sababu maadui zake wa asili walibaki kwao. Mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, Hans Rudolf Herren, akifanya kazi na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria, aliongoza juhudi za kumtafuta adui huyo. Alipatikana Paraguay: nyigu mdogo kuliko punje ya ufuta, ambaye hutaga yai lake ndani ya mwili wa mdudu yule. Nyigu hao walianza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingine nyingi, na muhogo ukanusurika bila mkulima kununua hata chupa moja ya sumu. Mwaka 1995 Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Kwa miaka kadhaa aliongoza pia kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Nairobi.

Wadudu rafiki ni akina nani?

Katika bustani ya kawaida ya nyumbani wamo marafiki wengi ambao huwa tunawaua kwa kutowajua. Mbawakawa wa madoadoa niliyemtaja hula vidukari akiwa mkubwa na akiwa buu. Buu lake halifanani naye hata kidogo: ni jeusi, refu, lenye vinundu, na watu wengi huliponda wakidhani ni mharibifu. Yupo nzi wa maua, mwenye mistari ya njano kama nyuki, anayeelea hewani pasipo kusogea. Hana mwiba, na mabuu yake hula vidukari. Yupo mdudu mwembamba wa kijani mwenye mbawa kama kimia, ambaye mayai yake huning'inia kwenye vijiuzi vyembamba chini ya jani. Wapo pia vunjajungu na buibui, wawindaji wasiochagua sana mawindo.

Kundi la pili ni nyigu na nyuki wapweke. Dunia ina aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana, na nyingi kati ya hizo haziishi katika mizinga wala hazina malkia. Kila jike hujijengea kiota chake mwenyewe ardhini, katika tundu la mti au katika bua lililo wazi. Yule nyuki akataye vipande vya mviringo katika majani ya waridi ni mmoja wao. Vipande hivyo ndivyo kuta za vyumba vya watoto wake. Nyigu wapweke nao hujaza viota vyao viwavi, buibui au vidukari waliopoozwa kwa mwiba, ili mabuu yapate chakula yakiangukuliwa. Kwa hiyo kiota kimoja cha nyigu ni viwavi kadhaa walioondolewa kwenye mboga zako.

Hili ndilo kundi linalonufaika zaidi na nyumba ya wadudu. Mwaka 2015 watafiti wa mji wa Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka mitatu wa karibu nyumba 600 za namna hii. Nyumba hizo zilikusudiwa nyuki, lakini kila mwaka nyigu wa asili ya huko walionekana katika takriban robo tatu ya nyumba hizo. Kwa mtu aliyetaka nyuki tu, hiyo ni habari ya kukatisha tamaa. Kwa mwenye tuta la mchicha lenye viwavi, ni habari njema.

Namna ya kuijenga

Nyumba ya wadudu haihitaji fundi wala gharama kubwa. Kinachotakiwa ni kisanduku cha mbao kilicho wazi upande wa mbele, chenye upana wa sentimita 30, kimo cha sentimita 40 na kina cha sentimita 15. Paa lake litokeze mbele kwa sentimita 5 au zaidi, ili mvua ya masika isiingie. Kipande cha bati chakavu juu ya mbao kinatosha.

Mbao ziwe kavu na zisizotiwa dawa. Mbao za msonobari zenye rangi ya kijani kutoka kiwandani mara nyingi zimelowekwa katika mchanganyiko wenye shaba, kromiamu na aseniki. Hazifai kwa wadudu, na vumbi lake halifai kwa mapafu ya anayezitoboa. Mabaki ya mbao ngumu kutoka kwa seremala ni bora zaidi. Usiipake rangi sehemu ya ndani.

Ndani ya kisanduku panga vitu vya aina tatu. Kwanza, vipande vya gogo au mbao nene vilivyotobolewa kwa keekee. Matundu yawe ya upana tofauti, kuanzia milimita 3 hadi 10, kwa sababu kila aina ya mdudu huchagua tundu linalomtosha. Kina kiwe sentimita 10 au zaidi, na tundu lisitokeze upande wa pili. Mdudu hataki nyumba yenye milango miwili. Lainisha midomo ya matundu kwa msasa, maana vibanzi huchana mbawa.

Pili, vipande vya matete na mianzi myembamba vyenye urefu wa sentimita 12 hadi 15. Kata kila kipande nyuma kidogo ya pingili, ili pingili yenyewe iwe ukuta wa mwisho. Vipange vikilala, midomo ikitazama mbele, na uvibane visicheze.

Tatu, jaza pembe zilizobaki kwa majani makavu ya mgomba yaliyokunjwa, magome na makumbi ya nazi. Humo watajificha mbawakawa, buibui na wadudu wa mbawa za kimia wakati wa jua kali.

Itundike nyumba kwenye ukuta au nguzo imara, kimo cha mita moja hadi moja na nusu kutoka ardhini, ikielekea mashariki ili ipate jua la asubuhi na kukwepa jua la alasiri. Isininginie kwenye kamba, kwa kuwa jike hashindwi kuingia katika kiota kilichotulia, lakini hukikimbia kinachoyumba na upepo. Ikiwa imesimama juu ya nguzo, paka grisi kwenye nguzo hiyo ili sisimizi wasipande kupora mayai.

Baada ya majuma machache utaona matundu yaliyozibwa kwa udongo, utomvu au vipande vya majani. Hiyo ndiyo hati ya upangaji. Usiyafungue. Nyuma ya kizibo vimo vyumba vilivyopangwa mmoja baada ya mwingine, kila kimoja kikiwa na yai na chakula chake. Kwa kawaida mayai ya majike hutangulia ndani kabisa na ya madume huwekwa karibu na mlango. Kizibo kitakapotobolewa kutoka ndani, utajua kwamba wameondoka. Kila mwaka ondoa matete yaliyokwisha kutumika na uweke mapya, kwa kuwa ukungu na vimelea hujikusanya katika matundu ya zamani.

Nyumba bila chakula ni gofu

Nimeona nyumba za wadudu zilizojengwa kwa ustadi mkubwa zikibaki tupu mwaka mzima, kwa kuwa zilizungukwa na saruji na nyasi zilizokatwa. Nyigu na nzi wa maua waliokomaa huhitaji mbochi na chavua kila siku. Midomo yao ni mifupi, kwa hiyo hupenda maua madogo yaliyo wazi. Acha mashina machache ya giligilani, shamari, mrehani na kivumbasi yachanue badala ya kuyavuna yote. Alizeti mbili tatu kando ya matuta hutoa chavua nyingi. Panda kwa zamu, ili bustani isikose ua lililofunguka.

Sharti jingine ni gumu zaidi kwa wengi: bomba la sumu liwekwe chini. Kuwajengea wadudu nyumba kisha kunyunyiza kiuatilifu katika bustani hiyohiyo ni kuwaalika wageni na kuwatilia sumu chakulani. Vidukari wakizidi kabla walinzi hawajafika, wasugue kwa vidole, wapige kwa maji yenye nguvu, au uwanyunyizie maji yenye sabuni kidogo palepale walipojikusanya, wakati wa jioni. Sabuni huua mdudu laini anayeguswa nayo, awe adui au rafiki, kwa hiyo isimwagwe bustani nzima.

Hapa sina budi kuonya. Wapo wanaopendekeza maji ya tumbaku kama dawa ya asili. Nikotini iliyomo katika tumbaku ni sumu kali inayopenya ngozi, na uasili wake hauifanyi kuwa salama. Maji ya pilipili nayo huunguza macho. Mwenye kuyatumia avae miwani na awaweke watoto mbali.

Tahadhari za kiafya

Kama tabibu, siwezi kuwashauri watu wakaribishe wadudu nyumbani bila kueleza hatari zake.

Mbu. Mwanzi uliosimama wima huhifadhi maji ya mvua, na maji hayo ni kitalu cha mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengi. Dar es Salaam imekumbwa na milipuko ya dengi, ukiwemo ule wa mwaka 2014 na ule wa 2019. Kwa hiyo mianzi ilazwe, kamwe isisimamishwe. Ukiweka kisahani cha maji kwa ajili ya nyuki, kitie kokoto, kisugue na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili, kwani mayai ya Aedes hunata kwenye kingo. Aidha, yote ninayoyasema hapa yanahusu dawa za mboga. Chandarua chenye dawa kibaki kitandani kama kawaida.

Miiba. Nyuki na nyigu wapweke hawana mzinga wa kuulinda, hivyo ni nadra kumchoma mtu, labda wakibanwa mkononi. Hawafanani na nyuki wa asali wala mavu wanaoishi kwa makundi. Hata hivyo, nyumba yao isiwekwe karibu na mlango au mahali watoto wanapochezea. Mtu akichomwa kisha akavimba midomo au ulimi, akatokwa na vipele mwili mzima, akahema kwa shida au akaishiwa nguvu, akimbizwe hospitali mara moja. Hiyo ni dharura, na tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Mwenye historia ya mzio wa namna hiyo asiwe na nyumba ya wadudu uani kwake. Makundi ya nyuki wa asali au mavu wakiweka makazi hapo, aitwe mtu mwenye ujuzi wa kuwahamisha.

Nzi wa Nairobi. Jina linapotosha, kwa kuwa huyu si nzi bali ni mbawakawa mwembamba mwenye mikanda myeusi na ya rangi ya chungwa. Bustanini ni rafiki, kwani hula wadudu wadogo. Haumi wala hachomi. Lakini akipondwa juu ya ngozi, majimaji ya mwili wake yenye sumu ya pederini huacha jeraha la malengelenge linaloonekana baada ya siku moja au mbili. Akitua mwilini mpulize aondoke, usimpige kofi. Akipondeka kwa bahati mbaya, osha mahali hapo kwa maji na sabuni, na usiguse macho. Kwa kuwa hufuata mwanga, punguza taa za nje usiku katika majira ya mvua.

Nge na tandu. Hawa hupenda vitu vilivyolundikwa chini. Nyumba ya wadudu ikae juu, na uchafu wa bustani usirundikwe ukutani mwa nyumba ya kulala.

Tusitarajie nini?

Nyumba ya wadudu haiui wadudu wote waharibifu, wala hilo si lengo lake. Vidukari wakiisha kabisa, wanaowala watahama. Bustani yenye afya inafanana na mwili wenye afya: haikosi vijidudu, bali ina uwiano unaowazuia wasitawale. Utapoteza majani kadhaa. Mabaya zaidi, wapo maadui ambao nyumba hii peke yake haitawamudu, kama kantangaze wa nyanya, aliyekwishaonekana kuzishinda hata dawa nyingi za dukani. Kwa huyo, omba ushauri wa afisa ugani.

Ikiwa kiuatilifu kitalazimika kutumika, kiwe kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kinunuliwe kikiwa katika chombo chake chenye kibandiko, na zizingatiwe siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa hapo. Mchicha ulionyunyiziwa jana usiuzwe wala kuliwa leo. Kuusafisha kwa maji hupunguza sumu iliyo juu ya jani, lakini hakuondoi ile iliyokwisha kuingia ndani.

Sumu ikiwa imeshaingia mwilini

Ukimkuta mtu ambaye amekunywa au amemwagikiwa kiuatilifu, mtoe mahali penye sumu, mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, wewe mwenyewe ukiwa umefunika mikono. Usimtapishe. Usimpe maziwa, hayaondoi sumu, na kwa mtu anayepoteza fahamu huweza kuingia mapafuni. Aliyezimia alazwe kwa ubavu. Mpeleke hospitali bila kuchelewa na uende na chupa au kibandiko cha dawa hiyo, kwa kuwa jina la sumu humwonyesha daktari aina ya tiba.

Hitimisho

Mama yule alirudi kliniki na mwanawe baada ya mwezi mmoja. Safari hiyo nilikuwa na jambo la kumwambia, nikamchorea kisanduku nyuma ya karatasi ya miadi. Aliutazama mchoro, akauliza kama vipande vya mabua ya mtama vingefaa badala ya matete. Nikamjibu kwamba vinafaa, ilimradi viwe na tundu, viwe vikavu na vilazwe.

Ndugu msomaji, kujenga nyumba ya wadudu kunahitaji nusu siku, na kuona faida yake kunahitaji subira ya msimu mzima. Kuna kazi moja isiyoweza kusubiri msimu. Kabla ya kulala leo, tazama jikoni, chini ya kitanda na stoo. Ukiikuta dawa ya wadudu katika chupa ya soda, ya maji au ya mafuta ya kula, usiimwage shimoni wala mtoni. Iandike wazi kwamba ni sumu, ifungie mahali ambapo mtoto hafiki, na kesho umuulize afisa kilimo wa kata yako namna ya kuiteketeza. Baada ya hapo ndipo utafute matete.